Shokomzoba ya Muatasim

Mwaka huu ni wa tisa natengeneza baiskeli hapa Ghubra, kwenye nchi ya Waarabu, na sina subira na mteja anayekuja kunifundisha kazi kwa aliyoyasoma kwenye simu. Zahor hakuwa wa aina hiyo. Aliingiza karakanani baiskeli ya mlimani ya marehemu mdogo wake, akaiegemeza ukutani kwa upole kama anayemlaza mtoto.

"Fundi Japheth, nnataka kubadilisha hii shokomzoba ya nyuma," alisema. "Ijumaa n'takwenda kushuka nayo palepale alipoangukia Muatasim. Watu wanasema alikuwa mzembe, na mama hali wala halali kwa neno hilo. Nnataka nijue mwenyewe."

Nilihisi aibu hadi masikioni. Neno lile lilitoka kwangu. Siku ya msiba, nyumbani kwao Qurum, nilikunywa kahawa yao, na nilipoulizwa nikajibu, "Kijana alipenda mbio sana."

Nilikuwa nimedanganya. Shokomzoba ya upepo hujazwa kwa uzito wa mwendeshaji: anakaa kitini, inabonyea robo, basi. Lakini huku kwetu mtu hupimwa nje, juani, kwa sababu upepo huvimba kwa joto. Muatasim nilimpima ndani, kwenye kiyoyozi, Julai, kwa kuwa sikutaka kutoka jasho. Kule kwenye mawe, saa nne asubuhi, shokomzoba ilikakamaa na kumrusha kama punda mkorofi. Niliijua sababu siku ileile niliyosikia habari, nikanyamaza.

Nikamwambia Zahor aiache baiskeli hadi kesho.

Asubuhi nilifungua karakana. Kiyoyozi kilikuwa kimekesha kikivuma, na kila chuma kilikuwa baridi: spana, meza, hata fremu ya baiskeli yenyewe. Nikaigusa shokomzoba. Nikaurudisha mkono haraka, vidole vimeungua.

Hapo baiskeli ilikuwa imetundikwa ukutani, mbali na dirisha na jua. Ile pete ndogo ya mpira inayoonyesha imebonyea kiasi gani ilikuwa imesukumwa hadi mwisho, kana kwamba mtu ametua nayo kutoka juu kwa kishindo. Nikairudisha mahali pake, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi, pete ilikuwa mwisho tena.

Nikajicheka. Nikasema ni grisi. Nikaifungua shokomzoba na kuitumbukiza kwenye beseni la maji nione kama inavuja. Hakuna povu hata moja lililotoka. Maji ndiyo yalianza kutoa mvuke. Mimi, ambaye kanisani huonekana Krismasi tu, nikajisikia nikitaja jina la Yesu kwa sauti.

Nikaifunga tena upesi ili Zahor asione kitu, na nilikuwa nimeshapata mpango. Nitamuuzia Zahor ya springi. Hii itaenda kwenye pipa la vyuma chakavu, na mambo yaishe.

Alikuja saa sita mchana.

"Chukua springi, bosi," nikamwambia. "Ni nzito kidogo, lakini chuma hakijali jua. Nakuwekea inayolingana na kilo zako, khalas."

"Na hii ya Muatasim ina kasoro gani?"

"Haina kasoro."

"Basi kama haina, n'tashuka na hiihii." Akapanda kitini, palepale chini ya kiyoyozi, akashika ukuta. "Haya, nijazie."

Nilikuwa na pampu mkononi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakusema kifo cha nani. Nilimtazama mtu huyu ameketi alipoketi mdogo wake, akiningojea kwa imani ileile, nikaona siwezi.

"Shuka, Zahor," nikasema. "Tafadhali shuka."

Nikamwambia yote: kiyoyozi, uvivu wangu, joto, na lile neno nililolisema msibani huku nikishika kikombe chao. Nikamwomba radhi. Hakunipiga. Ningefurahi kama angenipiga.

"Radhi yangu haikusaidii," alisema, akashuka. "Si mimi uliyenisingizia."

Akaitoa baiskeli nje, kwenye jua la saa sita, akaisimamisha kwa kushika usukani.

"Mwombe mwenyewe."

Nikapiga magoti kwenye lami ya moto. Dereva mmoja alipunguza mwendo akanishangaa, sikujali.

"Muatasim," nikasema, "hukuwa mzembe. Mzembe nilikuwa mimi. Nitakwenda kwa mama yako nimwambie hivyo hivyo. Nisamehe."

Kiti kilikuwa kitupu. Kikashuka. Kilishuka taratibu, kama mtu mzima anavyokaa, tairi zikabonyea kwa uzito, kisha kikakwama kabla hakijafika robo. Zahor akaanza kulia bila kuachia usukani.

Upepo ulikuwa mwingi mno. Nikafungua vali, nikautoa kidogo kidogo, mpaka kikafika robo.