Mkono wa Refugio

Jumapili asubuhi Refugio alikuwa akipigapiga tortila, chapati za mahindi, viganjani, redio ya jirani ikiimba, mara mtangazaji akakitaja Chama. Mikono ya kulia ya wanawake wenzake wote wa uani ikaondoka kwenye unga na kusimama juu. Wakaendelea na umbea wao mpaka mtangazaji alipohamia bei ya kahawa. Mikono ikashuka, kazi ikaendelea.

Ndivyo mambo yalivyokuwa San Jerónimo tangu Chama kigawe mabati. Mkono uliopokea bati uliinuka wenyewe. Kinyozi alizoea kuzima redio kabla ya kushika wembe, basi, yakaisha. Ni mkono wa Refugio tu uliobaki wake, maana mdogo wake Eleuterio alimkataza kupokea, naye akavumilia kuvujiwa.

Mwaka huo Eleuterio aligombea uenyekiti wa mashamba ya kijiji dhidi ya mtu wa Chama. Mwenyewe bati alishalipokea mwishowe. Mtoto mchanga analoa, ungefanyaje?

"Dada, huu wangu utanisaliti tu," alisema. "Umebaki wako. Hata mmoja unatosha, wasije wakasema hapakuwa na mpinzani."

"We naye! Sasa nimpe nani kama si wewe?"

Uwanjani walipiga kura kama kawaida yao, kwa kunyoosha mikono. Mjumbe wa Chama aliyetoka mjini alimtaja mtu wake. Mikono ikapanda, wa Eleuterio ukitangulia. Wa Refugio ulitulia chini ya mtandio.

"Na wewe, mama," mjumbe aliuliza akitabasamu, "mkono unauma? Au mwaka huu maji ya mfereji huyataki?"

Watu wakageuka. Refugio aliona haya, haya ya kijinga kabisa, kama mtu aliyekwenda harusini na nguo iliyochanika. Mahindi yake yalikuwa ndiyo kwanza yamefika magotini. Aliungoja mkono uinuke wenyewe kama ya wenzake. Haukuinuka. Akauinua.

Mjumbe akatangaza kwamba hakuna aliyepinga. Watu wakagawiwa tamale za moto, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda yake, wakala wamesimama.

Wakirudi nyumbani, Eleuterio alimshika dada yake bega.

"Usilie, dada. Kumbe hata wako wameupata! Huna kosa. Si umejiinua wenyewe?"

Refugio alijifuta macho kwa mtandio.

"Ndiyo," alisema. "Umejiinua."