Hosi Isiyotupwa

Kijiko cha Bwana Saleh, mashine yake ya kuchimbia, kilikuwa na bendeji nyingi kuliko wodi nzima. Kila hosi ya haidroliki, ile mipira ya kupitisha mafuta ya presha, ikivuja, aliizungushia vipande vya mpira wa tyubu, akakaza kwa waya na kusema, "Alhamdulillahi, mpya kabisa." Mimi, dereva wake, niliitikia amina, maana dereva mwenye mdomo hupewa likizo ndefu.

Siku hiyo tulikuwa Zinga tukichimba msingi wa ukuta. Hosi moja ikaanza kurusha ukungu wa mafuta, lakini tundu lenyewe halikuonekana. Nikamwita Sihaba, fundi wa Kerege. Akamwamkia Bwana Saleh, akaniambia nishushe ndoo chini, nizime injini, nitoe presha yote.

"Hosi hii na nati zake ni za kutupa, mzee. Nina nyingine kwenye pikipiki."

"Tundu hujaliona, binti yangu, unataka kutupa?" Bwana Saleh alichukia kutupa kuliko alivyochukia dhambi. "Najim, washa!"

Nikawasha. Sihaba akaokota kipande cha boksi apitishe kando ya hosi, mafuta yatoboe boksi badala ya mtu. "Usiguse, mzee. Yanapenya ngozi."

"Kwani mafuta yana meno?" Akapitisha kiganja chake cha kulia. Nikacheka. Naona haya kusema, lakini nilicheka.

Mzee akaguta, akautoa mkono. Palikuwa na alama ndogo tu kwenye kidole, kama ya sindano. Sihaba alinifokea nizime, kisha akamgeukia.

"Twende hospitali sasa hivi. Mafuta yameingia ndani. Ukichelewa, utakatwa mkono."

"Kwa kitone hiki?" Akapaka kitunguu saumu, akafunga kipande cha tyubu juu yake, akaenda kuswali alasiri.

Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko. Hospitali walimwokoa yeye, lakini vidole vitatu vilikwenda.

Juzi, kwenye karamu ya harusi ya mjukuu wake, tulikaa sinia moja. Mkono wa kulia haushiki tonge, na wa kushoto hathubutu kuutia kwenye pilau ya watu. Akabaki anatazama nyama. Nikammegea, nikamlisha mbele ya wageni wote, moyo ukinisuta kwa kile kicheko changu. Akatafuna taratibu, akaniinamia sikioni.

"Ile hosi ya zamani, Sihaba hakuitupa, eti?"

Nikamtia tonge jingine ili anyamaze.