Mlango wa Nyuma wa Basi la Kilimani

Siku mjukuu wangu alipoteuliwa kuingia katika jopo la kuupitia upya mtandao wa mabasi ya jiji zima, nilivaa koti langu nikashuka kununua gazeti, ingawa nilijua kwamba habari yenyewe haimo. Nilitaka tu kuulizwa hali ya nyumbani. Muuza magazeti aliponiuliza, nilimjibu kwa kirefu.

Jumapili iliyofuata alikuja na ramani iliyoifunika meza yetu yote, ikabidi sahani zihamie kwenye viti. Njia za mabasi zilikuwa zimechorwa kwa rangi mbalimbali, nyingine zikijipinda na kujirudia kama utumbo wa mbuzi. Alinieleza kwamba kila aliyewahi kushika madaraka aliongeza njia ya kwake, wala hapakutokea hata mmoja wa kupunguza. Matokeo yake, yapo mabasi yanayobeba upepo kutwa nzima, na huko bondeni, penye viwanda, wapo watu wanaoachwa vituoni kila alfajiri mpaka wanafukuzwa kazi kwa kuchelewa. Kazi ya jopo ilikuwa kuyatoa mabasi penye upepo na kuyapeleka penye watu. Sikuona kasoro katika hilo. Maisha yangu yote ya utumishi nilikuwa mkaguzi wa mizani. Nimepita katika masoko na maghala na mawe yangu ya kupimia mkobani, nikasikia viapo vya kila aina. Niliamini mizani, sikuamini midomo.

Mke wangu alisogeza kikombe akainamia ramani.

"Mke mwenzangu," alimwambia mjukuu wake, "katika matumbo yote haya, basi langu ni lipi?"

Akaonyeshwa mstari mwembamba wa kijani uliopanda kilima chetu na kushuka upande wa pili hadi hospitali kuu. Akalalamika kwamba ni mwembamba mno.

"Wembamba si hoja, bibi," mjukuu alimjibu. "Mbona wewe mwembamba na babu unamwendesha?"

Tulicheka, ila kila mmoja wetu alijua uzito wa mstari ule. Figo za mke wangu zilikuwa zimekwisha kazi, na mara tatu kwa wiki alipanda basi lile kwenda kusafishwa damu kwa mashine. Njia nyingine ya kushuka ni ngazi za mawe, ambazo hata mimi huzishuka kwa kushika ukuta. Teksi haziji kwetu ila kwa bei ya kumfilisi waziri.

Sahani zilipoondolewa, mjukuu alinieleza kwamba kilima chetu kimeangukia katika fungu lake la kazi. Nilimwuliza anakusudia kufanya nini. Akasema atapakagua kama anavyopakagua pengine. Nikamwambia kwamba mtu hapimi nyama atakayoila mwenyewe, na kwamba ni lazima alikabidhi fungu hilo kwa mwenzake.

"Babu, nikiwaachia wengine, nani atapajua huku?"

"Mashine inapajua. Kila anayepanda anagusisha kadi, na hesabu ya mashine itasomwa vile vile na yeyote atakayeisoma. Kesi ya nyani hapewi ngedere, hata ngedere awe mwadilifu."

Aliikunja ramani. Wiki ile ile alilikabidhi fungu letu kwa mwenzake na kuapa mbele ya jopo kwamba hatasema neno lolote juu ya kilima chetu mpaka ukaguzi uishe. Nilimsifu mbele ya wanangu wote.

Yapo mambo ambayo mtu huyaishi mpaka akaacha kuyaona. Mlango wa mbele wa mabasi yetu una vidato virefu na chuma kinachozunguka, ambacho mtu aliyetoka kwenye mashine ya damu, mkono umefungwa bandeji, hawezi kukisukuma. Dereva wa njia yetu tulimwita Taratibu, kwa kuwa ndilo neno lililokuwa mdomoni mwake daima: taratibu mama, taratibu mzee. Huyo alikuwa akilisogeza basi mpaka mlango wa nyuma ukalingana na ukingo wa barabara, akaufungua, wazee na wagonjwa tukaingia kama mtu anavyoingia sebuleni kwake. Dereva mwenzake wa zamu ya pili alimwiga. Wazee kisheria hatulipi nauli, hivyo hakuna aliyeibiwa. Sheria inatutaka tuguse kadi tu, nayo mashine ya kadi iko mbele. Kwetu ni kilima cha wazee. Vijana wamehamia bondeni kufuata kazi. Basi lilijaa kila safari, na kila safari mashine iliandika kwamba ni tupu.

Tangazo lilibandikwa kituoni asubuhi moja ya Jumatatu: njia ya kilimani inapendekezwa kufutwa kwa kukosa abiria. Tulilisoma tukiwa tumebanana, abiria tele, tukisubiri basi. Bibi mmoja jirani aliuliza kama sisi ni mizimu.

Mjukuu wangu alikuja jioni yake, uso umemshuka. Alisema mwenzake amefanya kazi safi, hakuongeza wala hakupunguza, na hesabu ya mashine inaonyesha mabasi yanayopanda na kushuka bila watu. Nilimwambia kwamba haiwezekani, mimi mwenyewe nimesimama mara nyingi kwa kukosa kiti. Akaniuliza huwa tunapandia wapi. Kabla sijafungua kinywa, mke wangu alijibu kutoka jikoni kwamba tunapandia nyuma, tupandie wapi kwingine.

Mjukuu aliketi. Baadaye alisema, kwa sauti ya chini, "Ningeuliza hilo siku ya kwanza, babu. Mtoto wa hapa angeuliza."

Nilimwuliza kama anaweza kuliambia jopo. Akanikumbusha kiapo chake, akasema kwamba hata akikivunja, neno lake halitapokewa, kwa kuwa wote wanajua bibi yake anakaa wapi. Lililobaki ni kikao cha maoni ya wananchi.

Habari zilienea kilimani. Majirani wakakubaliana tuseme kwamba mashine ya kadi ilikuwa mbovu kwa muda mrefu. Sote tungeshuhudia, na hakuna ambaye angeweza kutukanusha. Walinichagua mimi niwe msemaji, kwa sababu watu wa ofisini wananiheshimu. Niliwaambia kwamba nitasema, ila mashine ilikuwa nzima na sitaiita mbovu. Walinywea. Mmoja alinong'ona kwamba tumemchagua kinyozi asiyetaka kushika wembe.

Jioni kabla ya kikao, Taratibu alikuja nyumbani. Alikataa kiti, akasimama mlangoni akizungusha kofia yake mikononi.

"Mzee wangu, sikuombi useme uongo," alianza. "Sema watu ni wengi, uishie hapo. Ule mlango uache."

"Wakiuliza kwa nini mashine haikuwahesabu?"

"Sema hujui. Kufungua nyuma bila kadi ni kosa la kufukuzwa, unalijua hilo. Nina watoto, mzee."

Nilimwambia kwamba ninajua, na kwamba kujua huko ndiko kunakonizuia kusema sijui. Nikaongeza kuwa wakubwa wake wakielezwa nia yake, watamwelewa, na msema kweli ni mpenzi wa Mungu.

"Ni kweli, mzee," alisema akivaa kofia. "Lakini mimi mwajiri wangu si Mungu."

Alipoondoka nilimwuliza mke wangu maoni yake. Alikuwa akikunja khanga atakayojifunika hospitalini, wala hakunyanyua macho. Alisema nitasema nitakavyosema. Amekaa nami umri mzima na hajawahi kuona njia nyingine ya kunipitisha.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja iliyokuwa ikilia kuliko ilivyopepea. Mwenyekiti wa jopo, mama wa makamo mwenye adabu, alinipa nafasi ya kwanza kwa heshima ya umri. Mjukuu wangu alikaa mwisho wa meza yao, kichwa chini. Nilieleza kila kitu kwa mpangilio: wagonjwa, vidato, chuma kinachozunguka, mlango wa nyuma. Nilipomaliza, nilidhani tumeshinda.

"Ahsante, mzee," alisema mwenyekiti. "Nani alikuwa akiufungua mlango huo?"

Jina halisi la Taratibu sikulijua, na ningeweza kusema hivyo bila kudanganya. Lakini nimewaona wauzaji wengi wakijaribu kuponea katika upenyo wa namna hiyo, na sikumwachia hata mmoja.

"Yule pale," nilisema. "Aliyekaa karibu na dirisha."

Taratibu hakupinga. Alisimama, akaulizwa kama ni kweli, akasema ni kweli. Mwenyekiti akamshukuru, na karani akaandika.

Baada yangu alisimama mwanamke wa bondeni, msafishaji katika kiwanda. Hakutukashifu. Alisema anatuonea huruma wazee wake, ila yeye kila alfajiri anaona mabasi matatu yakimpita yamefurika mlangoni, na ameshapoteza kazi mara mbili, na mtoto wake analala na jirani ili yeye awahi foleni. Alisema hayo bila kupandisha sauti. Nami niliona haki yake.

Jopo lilitoa uamuzi kabla ya mwezi kwisha. Safari zisizo na kumbukumbu haziwezi kuhesabiwa. Maelezo ya mzee yamepokewa kwa shukrani na yatazingatiwa katika mapitio yajayo. Mabasi ya kilimani yanahamishiwa bondeni. Taratibu aliachishwa kazi, na nia yake haikuulizwa. Dereva wa zamu ya pili, ambaye hakuna aliyemtaja, yupo bondeni hadi leo.

Majirani hawakunitukana. Waliacha tu kuja kukaa barazani kwangu.

Mke wangu alijaribu ngazi. Kushuka aliweza kwa kujikongoja. Ila kurudi, akitoka mashineni miguu kama pamba, alikaa kwenye jiwe la kati na kuniambia nitangulie. Mjukuu akamchukua akakae kwake, chumba kimoja karibu na hospitali, chenye kitanda kimoja na kochi. Mimi sikuenea. Nilikwenda kumwona kila nilipoweza, nikamkuta amelala kwa uchovu wa mashine. Na kabla hajaamka ilinibidi niondoke, nisije nikazipanda ngazi gizani. Tumeishi pamoja tangu ujana wetu, na miezi ile tulizungumza kidogo kuliko wapangaji.

Siku moja nilimkuta macho. Alisema anataka kurudi nyumbani.

Nilimkumbusha kwamba kilimani hakuna basi. Akasema hajasahau. Mjukuu, aliyekuwa amesimama dirishani, alimwambia, "Bibi, ukipanda kule, kushuka tena kutakuwa kwa shida."

"Ndiyo, mke mwenzangu," alijibu. "Nimechoka kulala nyumba ya mtu, hata akiwa wewe."

Nilitaka kumkataza. Nimekataza mambo mengi maishani mwangu na sauti haijawahi kuniishia. Siku ile iliniishia.

Jumamosi tulimfikisha chini ya kilima kwa teksi iliyokataa kupanda. Mjukuu alikuwa amewaomba vijana wa duka la matofali wambebe, hawakutokea. Badala yao alikuja Taratibu, amevaa nguo za kibarua. Sikujua nani alimpa habari. Alimwinamia mke wangu, akampandisha mgongoni na kuanza kupanda, akipumzika kila alipomsikia akipumua kwa shida, akimwambia taratibu, mama. Nilifuata nyuma na mjukuu wangu, aliyebeba mto na dawa.

Alipomweka kitandani, mke wangu alimshukuru, naye akamwitikia kwa upole. Nami nilimshukuru. Alijifuta jasho shingoni, akampa mjukuu wangu mkono, akatoka bila kunitazama.

Mjukuu alivua viatu akakaa ukingoni mwa kitanda. Aliuliza Jumatatu bibi atapelekwa hospitali na nani. Mke wangu alikuwa amekwisha kufumba macho, uso umeelekea ukutani. Mimi nilifungua dirisha ili hewa iingie.