Kurasa Nne za Makaburi

Mama alikaa juu ya jiwe lake la kusagia, katikati ya uwanja, lori likiwa limeshawashwa. Wenzake wa kijiji chetu cha Sepuka walikuwa wameshapanda na kuku wao. Ilikuwa mwaka 1974, watu wakihamishiwa vijiji vya ujamaa.

"Antipasi," aliniambia, "si wewe uliyekwenda Uchina kusomea mambo ya vijiji? Waambie basi. Baba yako amelala pale kando ya zizi. Nikiondoka, nani atammwagia pombe?"

Nikamfuata Filipo, katibu aliyesimamia uhamishaji. Tulisoma darasa moja, hakunizungusha. Alifungua faili, akaweka kidole kwenye mstari.

"Soma mwenyewe, bwana mtafiti."

"Kaya za wakulima huhamia makazi ya pamoja bila kikwazo cha mila." Chini palikuwa na jina langu: ilikuwa ripoti yangu ya Uchina.

Miaka miwili nyuma nilikaa majuma sita kwenye kijiji kimoja cha pamoja huko Uchina, nikihesabu magunia na matrekta. Katikati ya shamba la ngano palikuwa na matuta ya udongo, na trekta liliyapita kwa kuzunguka. Mzee mmoja alinieleza kupitia mkalimani kwamba yale ni makaburi ya ukoo wake, vizazi kumi na vinne. Hata vikundi vya kazi walivigawa kwa kufuata koo. Bila hivyo, alisema, nani angekubali? Niliandika kurasa nne juu ya hayo.

Niliporudi, mkubwa wangu ofisini alizisoma akacheka. "Hizi hadithi za bibi, Antipasi. Sisi tunataka takwimu." Hakunilazimisha, jamani. Nilizichomoa mwenyewe kwenye ripoti, na ule mstari nikautunga mimi kuziba pengo.

Nilirudi kwa mama nikitegemea kuona aibu, au kulia. Sikuhisi kitu.

"Wamesemaje?"

"Panda, mama."

"Na hao Wachina, waliwaacha wafu wao?"

"Hapana. Wanalima kwa kuwazunguka."

"Ukawaambia wakubwa?"

Nililibeba jiwe lake nikalipakia. Alipanda bila kushikwa mkono.

Msimu wa kwanza nilimtembelea Ihanja, kijiji kipya walikohamishiwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaendelea kupalilia. Mtama ulikuwa umeota vizuri. Katikati ya shamba aliacha kipande kitupu, urefu wa mtu aliyelala, na jembe lake lilikizunguka. Chini yake hapakuwa na mtu; baba alibaki Sepuka.

Nilichukua jembe la pili, nikaanza upande wa pili wa kile kipande.