Kisanduku cha Tatu

Mguu wa Vernelle ulikuwa umelazwa juu ya mto, mto juu ya kiti cha jikoni, na Odell Pettiford alikuwa amepiga magoti mbele yake na kijitabu cha katuni mkononi. Alikisogeza mpaka kikagusa ngozi. Akatazama picha, akatazama mguu, akarudia picha.

"Huu wa kwenye picha ni mwekundu," alisema.

"Naona."

"Wako si mwekundu."

"Odell, lini umewahi kuniona mwekundu mimi?"

Walicheka wote wawili. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, siku ya sita tangu Vernelle abadilishwe goti. Kijitabu walikipata siku ya kutoka hospitali. Ndani yake mlikuwa na goti lenye macho, mdomo na kofia, liitwalo Bwana Goti, likimfundisha mama mmoja wa Kizungu kutembea na mkongojo na kubadilisha bendeji. Ukurasa wa tano ulikuwa wa hatari. Hapo mguu wa yule mama ulikuwa mwekundu kama nyanya, Bwana Goti amevua kofia na kujiziba mdomo. MWEKUNDU? PIGA SIMU!

"Siku hizi hatuwachoshi watu na maandishi," nesi alikuwa amewaambia akiwakabidhi. "Hiki hata mtoto anakielewa."

Odell alikuwa na miaka sabini na mmoja. Shule aliiachia darasa la tano huko Alabama, akaenda kuchuma pamba na mjomba wake, kisha akaja mji wa Gary kuyeyusha chuma miaka thelathini na minne. Barua zote za nyumba ile zilisomwa na Vernelle. Lakini katuni aliielewa. Aliielewa vizuri kabisa.

Mguu ulikuwa umezidi weusi. Ulikuwa unang'aa kama kiatu cha Jumapili. Odell aliweka kiganja chake, kiganja kilichoshika vyuma vya moto, akakiondoa upesi. Ndipo alipopiga simu, akaiweka katikati ya meza ili wasikie wote wawili.

"Mguu ni mwekundu, Vernelle?" aliuliza nesi wa zamu, sauti ya msichana.

Mtaani kwao hakuna msichana wa umri ule ambaye angethubutu kumwita Vernelle bila kutanguliza Bi mbele ya jina. Vernelle alimeza hilo kama alivyomeza mengi.

"Umekuwa mweusi, mwanangu. Unang'aa, na unawaka moto."

"Sawa, lakini ni mwekundu? Kijitabu unacho hapo?"

"Ninacho."

"Fungua ukurasa wa tano. Unafanana na huo wa kwenye picha?"

Vernelle alimtazama mumewe. Alipika chakula cha watoto wa shule miaka ishirini na tisa na hakuwahi kuwadanganya hata juu ya maharage ya jana.

"Haufanani," alisema.

"Basi huo ni uvimbe wa kawaida. Ngoja mpaka Jumatatu, daktari atakuwepo."

Simu ilipokatika Vernelle aliomba penseli na daftari lake. Alianza kuchora siku ya kwanza wodini, akijaza kurasa kwa visanduku: jirani yake wa kitanda akikoroma, uji wa hospitali wenye macho ya kuogopa kuliwa. Sasa alichora visanduku vitatu. Cha kwanza mguu. Cha pili simu juu ya meza. Cha tatu nesi, na mdomoni mwa nesi kiputo kikubwa, na ndani ya kiputo, kwa herufi nene: NGOJA MPAKA JUMATATU.

"Nachora nisije nikapiga kelele," alisema.

"Mbona umemnyima macho?"

"Angekuwa na macho angeuliza swali jingine."

Jumatatu hakuiona. Alikufa Jumapili alasiri katika chumba cha dharura, sumu imeshatapakaa kwenye damu, mguu mmoja una soksi na mwingine hauwezi kuvikwa kitu. Daktari kijana alimwambia Odell kwamba wangefika jana yake mambo yangekuwa mengine. Odell alimwonyesha kijitabu. Yule daktari alikigeuza nyuma na mbele kama mtu aliyepewa tiketi ya basi lisilo lake, akamrudishia.

Siku kumi na moja baada ya mazishi alikuja Daktari Kessler. Huyu hakutibu mtu. Kazi yake pale hospitali ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wa udaktari kwa kutumia katuni za wagonjwa, ili wajifunze huruma. Alimjua Vernelle wodini na aliziona picha zake. Alikula vipande viwili vya keki iliyoletwa na majirani wa msiba, akafuta vidole, akaomba daftari.

"Wanafunzi wangu wanahitaji kumsikia Vernelle, Odell."

"Na ukurasa wa mwisho watauona?"

"Hasa huo wa mwisho."

Hilo ndilo alilolitaka Odell, hakuwa na jingine. Kesi hakuwa na nguvu nayo; mwanasheria wa kwanza alimsikiliza dakika sita. Alitaka maneno yale matatu yasomwe ndani ya jengo lile lile yalikotamkiwa, na watu wale wale.

Daktari Kessler akatoa karatasi za ruhusa. Zilikuwa kurasa nne, herufi ndogo kama mchanga, na hapakuwa na picha hata moja. Bwana Goti hakuwamo.

"Ni mambo ya kawaida tu. Sahihi hapa chini."

Odell aliitazama ile karatasi kwa muda wa mtu anayesoma. Kisha akaandika jina lake. Msomaji wake alikuwa ardhini.

Maonyesho yalifunguliwa Oktoba, mchana, ghorofa ya pili ya jengo jipya la hospitali. Mlangoni alikuwa amesimama mlinzi, Jonetta Grigsby, waliyekuwa wakisali naye kanisa moja.

"Mzee Odell! Suti hiyo si ndiyo ya mazishi?"

"Ndiyo niliyo nayo."

"Basi itembeze. Ila mlango huu leo ni wa walioalikwa."

"Nimealikwa."

"Nionyeshe kadi, baba, nisije nikafukuzwa kazi kwa ajili yako." Aliisoma, akaipindua, akaisoma tena. "Haya. Huko juu kuna jibini kwenye vijiti. Usiimalize, watasema ni sisi."

Picha za Vernelle zilikuwa zimekuzwa mpaka kimo cha mlango. Watu wenye glasi mikononi waliuchekea ule uji wenye macho. Odell alisimama pembeni, kofia kifuani, na kwa dakika chache shingo yake ilinyooka. Kisha aliomba mtu amsomee kibao kilichokuwa chini ya picha. Kiliandikwa: Mgonjwa V., miaka 68.

"Jina lake liko wapi?" alimwuliza Daktari Kessler.

"Tunalinda siri yake, Odell."

"Ameshakufa."

"Ndiyo maana tunakuwa waangalifu zaidi."

Ukurasa wa mwisho ulikuwa mwisho wa ukuta. Kisanduku cha kwanza, mguu. Cha pili, simu. Cha tatu, nesi asiye na macho, mdomo wazi, na kiputo chake cheupe kama yai. Odell alisogea mpaka pua ikakaribia ukuta. Hata kivuli cha herufi hakikuwepo.

"Maneno yameenda wapi?"

"Ah, hilo!" Daktari Kessler alishusha sauti, akamshika kiwiko. "Tuliona ukimya una nguvu zaidi. Unamkaribisha mtazamaji aingie."

"Mke wangu hakunyamaza."

"Naelewa uchungu wako."

"Sikuuliza habari za uchungu."

Daktari alimwachia kiwiko. "Wanasheria walikuwa na wasiwasi na ile sentensi. Na kwa kweli, kisanaa, ukurasa umekuwa bora."

"Nirudishie daftari langu."

"Liko kwenye hifadhi ya hospitali sasa. Ulikubali. Ukurasa wa tatu wa ile ruhusa."

"Ukurasa wa tatu una picha gani?"

"Hauna picha, Odell."

"Nilijua hauna."

Mtu aligonga glasi kwa kijiko. Mkubwa wa hospitali, mwenye tai ya buluu, alitangaza kwamba Bwana Goti ametoka upya, toleo la watu wote, kila mgonjwa ajione ndani yake. Walipiga makofi. Vijitabu vikapita mkono kwa mkono, bado vina harufu ya wino. Odell alikwenda moja kwa moja ukurasa wa tano. Yule mama wa Kizungu hakuwepo tena. Mahali pake walimweka mama wa rangi ya kahawia, mnene kidogo, nywele za mvi, anayefanana na nusu ya wanawake wa kanisani kwake. Mguu wake ulikuwa mwekundu kama nyanya.

Alimtafuta mtu wa kumwonyesha. Mkubwa wa hospitali alimpa mkono huku akipita, bila kusimama.

Chini ya ule ukurasa wa mwisho palikuwa na meza, na mwanafunzi mmoja aliyevaa koti jeupe amekaa na kalamu nene za rangi. Mbele yake palikuwa na nakala moja kubwa ya visanduku vitatu, imefunikwa plastiki.

"Karibu, karibu!" alisema. "Hapa tunajaza kiputo. Unajiuliza, nesi huyu angesema jambo gani la upole? Wengine wameandika vizuri sana." Akasoma kwenye orodha yake: "Niko pamoja nawe. Asante kwa kuniamini. Wewe ni shujaa."

"Naweza kuandika?"

"Ndiyo kazi yenyewe, bwana!"

Odell alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Alichagua kalamu nyeusi. Maneno yale aliyajua kwa umbo. Kabla ya kulitoa daftari alikuwa ameyatazama asubuhi nyingi mezani, akiyafuata kwa kidole. Aliandika polepole, ulimi umebanwa na meno. Nyuma yake foleni ilianza. Mtu akakohoa. Mwingine akasema, "Mwache tu mzee, anatunga riwaya," wakacheka kidogo. Alipomaliza alikaza herufi ya mwisho mara mbili, akaweka kalamu.

Mwanafunzi aligeuza kichwa kusoma. NGOJA MPAKA JUMATATU. Tabasamu lake lilibaki mahali pake, halikujua liende wapi.

"Mh. Hii ni kali kidogo."

"Ndiyo iliyokuwapo."

"Sawa. Asante kwa kushiriki." Kwenye orodha yake hakuandika kitu. Alingoja Odell avae koti, afunge vifungo vyote vitatu, asogee. Kisha akachukua kitambaa chenye maji.

"Nani anafuata?"

Kitambaa kilipita mara mbili. Nesi asiye na macho akabaki mdomo wazi, akingoja kuambiwa aseme nini.