Viti vya Mkwe

Fundi wa chokaa hakuwa amekanyaga uwanja wa mji wa kale tangu wauzungushie mabati. Kuta zake alizipiga lipu miaka thelathini, na sasa aliyeuchora upya alikuwa mkwe wake, msomi wa manispaa. Siku ya ufunguzi binti yake alimfuata nyumbani mapema.

"Baba, nakuomba. Leo usiseme kitu."

"Nitakuwa bubu," akasema, akavaa koti.

Uwanjani mzee alizunguka akikagua. Ngazi za mawe, walipozoea kupumzika washona viatu na akina mama waliotoka sokoni, zilikuwa zimeng'olewa. Miti miwili imekatwa, eti ilikuwa inaziba mandhari. Chini kumemwagwa vigae vinavyong'aa kama choo cha hoteli, na juu yake viti vya chuma vilivyoinamishwa kwa mbele, ili mtu asije akajisahau akasinzia.

"Tumeurudishia mji wetu hadhi yake," mkwe alikuwa akinguruma kwenye kipaza sauti. "Uwanja huu sasa unapumua!"

Unapumua kama aliyekabwa koo, mzee akawaza.

Mkwe, akitaka kumpa heshima, akamwita aseme neno. Binti akamkazia macho baba yake. Mzee alikipokea kipaza sauti kama mtu anayeokota panya mfu kwa mkia.

"Mimi maneno sina. Mkwe wangu, hebu kaa kwenye kiti chako, nami niwaeleze wageni habari za kuta."

Mkwe akacheka, akakaa. Ilikuwa saa sita na jua la utosi. Mzee akaanza ukuta mmoja baada ya mwingine, taratibu, nani aliujenga na chokaa yake ilichomwa wapi. Kwenye ukuta wa tatu mkwe alikuwa amekaza miguu asiteleze. Kwenye wa tano aliruka, mikono nyuma ya suruali, kama aliyekalia kikaango. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mgeni rasmi alijificha nyuma ya karatasi ya ratiba.

Mzee alisikia raha hadi kwenye kisogo. Kisha akamwona binti yake. Hakucheka. Aliokota mkoba wake, akaondoka peke yake, na raha ile ikakatika papo hapo.

Mwezi mzima binti hakutia mguu kwake. Uwanjani watu walikuja na makreti yao, wakakaa kivulini kando ya kuta, wakivipa vile viti mgongo.

Wiki ya tano mkwe alibisha hodi.

"Baba, mawe ya ngazi yalimwagwa jalalani, yamechanganyika na vifusi. Ukiyaona utayajua?"

"Kuliko ninavyokujua wewe."

"Basi naomba unisaidie. Sijui hata nianzie wapi."

"Hilo ndilo neno la kwanza la maana nililolisikia kwako," mzee akasema, akachukua nyundo yake.

Alimdharau njia nzima. Jioni walikuwa wamefukua mawe kumi na moja.