Mkia wa Wingu na Shuka Jeupe

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya Alhamisi, mkia ulikuwa juu kushoto kwenye kioo cha kompyuta, mwekundu, mpana, kingo zake laini. Katikati ya picha kilikuwapo kichwa cha wingu lenyewe, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Nyota zilikuwa 18,340 kwa hesabu ya programu.

Wingu hilo ni gesi iliyotanda kati ya nyota. Halina jina, lina namba tu, na orodha zinataja kichwa peke yake. Mimi nilikuwa nimemwambia mkutubi kwamba lina mkia. Kwa maneno hayo alinipa ukuta wa maktaba unaotazamana na mlango, upana wa mita moja na nusu. Mtu mwingine alikuwa akiutaka ukuta huohuo, mkusanya stempu, na mkutubi hakuzungusha maneno: picha ikiwa ukutani kabla ya saa sita mchana Jumamosi, ukuta ni wangu, isipokuwapo, ni wa stempu. Bila mkia nisingekuwa na picha ya kutundika. Ningekuwa na nyota na ukucha.

Kazi yangu ni kupima damu katika maabara ya hospitali. Nimesaini majibu kwa miaka kumi na tisa, na jibu nisiloweza kulirudia silisaini. Picha hii ilichukua usiku kumi na moja, ndani ya miezi miwili, nyakati ambazo mwezi haukuwapo angani. Nilipiga picha 412 za dakika mbili mbili, kwa lenzi ya aina inayotumika kwenye harusi, juu ya stendi inayozunguka polepole kuzifuata nyota. Kompyuta inazilaza zote moja juu ya nyingine. Kilichomo katika zote kinabaki, na chengachenga zinafifia.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ni fundi cherehani. Asubuhi hiyo alikuja kupima dirisha la jikoni kwa ajili ya pazia. Alipita sebuleni na utepe shingoni, akainama mbele ya kompyuta.

“Hiki ndicho kinachokunyima usingizi?”

“Ndicho.”

“Mimi nikikesha, asubuhi angalau kuna gauni.”

“Tazama hapo juu. Huo ndio mkia.”

“Mkia gani mnene kuliko mwenyewe? Wifi, hata mjusi ana kiasi.”

Kisha akauliza swali la maana. Picha za harusi yake zina giza kwenye pembe. Mbona hii haina? Nilimweleza. Kila lenzi ina kasoro zake: pembeni hupitisha mwanga mdogo, na punje ya vumbi huacha kivuli. Ili kuziondoa, unapiga picha ya kitu cheupe kitupu, na kompyuta inaigawa picha ya anga kwa picha hiyo. Palipo na giza kwenye kile cheupe, pananyanyuliwa kwenye anga. Mimi hutumia shuka. Kila baada ya usiku wa kazi, asubuhi nalitundika kwenye kamba ya kufulia, jua likiwa nyuma yake na kamera mita moja mbele yake, napiga picha arobaini.

“Shuka lipi?” aliuliza wifi.

“Lile jeupe la harusi yetu. Ndilo pekee lisilo na maua.”

Wifi alinyamaza. Nimemjua miaka kumi na minne na sijawahi kumwona akimwachia mtu neno la mwisho. Alikwenda jikoni akapima dirisha, akaandika, akalipima tena dirisha lilelile, akaaga. Kupima mara mbili ni tabia yangu, si yake.

Alipotoka nilitafuta picha za sehemu nyingine ya anga, nilizopiga usiku mmoja kati ya usiku ule kumi na moja kwa lenzi ileile. Nilizigawa kwa picha za shuka za usiku huo. Nyota zilikuwa nyingine kabisa, na mkia ulikuwa palepale, juu kushoto, umbo lilelile. Kitu kilichoko angani hakihami na kamera. Saa nne kasoro robo niliandika kwenye daftari: *Mkia si wa wingu. Ni wa shuka.*

Nilikwenda kulitoa kabatini. Nimetandika shuka lile mara nyingi nisizoweza kuzitaja. Nililishika mbele ya dirisha, na kwa mara ya kwanza nikalitazama kwa mwanga unaotoka nyuma yake. Pembeni kulikuwa na mraba wa ukubwa wa kiganja, mweusi kidogo kuliko kitambaa kingine. Kwa upande wa mbele, vidole vyangu havikuupata mshono.

Kosa lilikuwa langu, tena la mtu mwangalifu. Mzembe angelitundika shuka ovyo, leo hivi, kesho vile, na ule mraba ungetawanyika mpaka usionekane. Mimi nilikuwa nimetia alama kwenye kamba kwa kalamu, ili kila kibanio kikae mahali pake. Nilipima kila kitu isipokuwa shuka.

Mume wangu ni fundi saa. Jioni nilimkuta mezani, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni na saa ya mteja mkononi.

“Shuka letu jeupe lina nini?”

“Shuka ni shuka.”

“Lina kiraka cha kiganja kimoja. Kimelazwa kwa nyuma.”

Mkono wake ulisimama. “Dada amesema?”

“Dada yako hajasema kitu. Ndiyo maana nauliza.”

Alivua kile kioo akakiweka mezani, mdomo ukiangalia chini, kama anavyofanya saa inapokuwa haitengenezeki.

“Pasi,” alisema. “Mwaka ule wa zamu zako za usiku. Nilitaka ukute kitanda kimenyooka. Mteja akanipigia simu, anauliza saa yake ya ukutani.”

“Mliongea muda gani?”

“Wa kutosha.”

“Ni miaka mitatu, mume wangu.”

“Miaka mitatu na miezi miwili. Kila ukilitandika, nilikuwa nalala upande ule mimi.”

Hilo lilikuwa kweli. Tulikuwa tumebadilishana pande na sikuwahi kujua kwa nini. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alinitazama kwanza kwa wasiwasi, halafu akaanza yeye, na saa ya mteja ilibidi ifungiwe kwenye droo isije ikaanguka.

Ijumaa saa moja asubuhi wifi alikuwa mlangoni na mita tatu za bafta nyeupe.

“Hii nimeipitisha yote mbele ya taa, sentimita kwa sentimita,” alisema. “Nilimwapia mdogo wangu kwamba sitasema. Sikuapa kwamba sitaleta kitambaa.”

“Karibu ndani, wifi.”

“Kwanza. Kiraka changu hukukiona miaka mitatu?”

“Sikukiona.”

“Rudia, huyu mdogo wangu asikie.”

“Sikukiona. Kimeonwa na kamera tu, na yenyewe baada ya picha mia nne na arobaini za shuka.”

“Niandikie hayo kwenye karatasi. Nayabandika dukani.”

Niliandika, nikasaini.

Lenzi sikuwa nimeitoa kwenye kamera tangu usiku wa kwanza, kwa hiyo vumbi lilikuwa palepale na kazi ingeweza kurekebishwa. Tulitundika bafta, nikapiga picha arobaini, nikaisogeza kidogo, nikapiga arobaini nyingine, mpaka nikafika mia mbili. Kisha kompyuta ilianza kugawa upya picha zote 412. Saa tano na dakika ishirini ilimaliza. Juu kushoto palikuwa peusi, pana nyota na hakuna kingine.

“Umeondoka,” alisema mume wangu kwa sauti ya mtu aliyevunja kitu kwa mara ya pili.

Nilivuta kiti karibu. Lile doa la uongo ndilo lililokuwa na mwanga mkali kuliko kitu chochote kwenye picha ukiacha nyota na kichwa, na mwangaza wote nilikuwa nimeupanga ili lisiungue, yaani lisigeuke jeupe tupu. Sasa halikuwapo. Nilipandisha mwangaza taratibu. Upande wa pili wa kichwa, chini kulia, pakaanza kuonekana utepe mwembamba mwekundu. Ulishuka, ukapinda, ukaendelea karibu mpaka ukingoni mwa picha.

“Yule mjusi,” alisema wifi.

“Bado,” nilisema. “Jana pia niliona mkia.”

Nilizigawa picha mafungu mawili: za usiku wa kwanza, wa tatu, wa tano na kuendelea, jumla 215, na za usiku uliobaki, 197. Hakuna picha iliyokuwa kwenye mafungu yote mawili. Kila fungu nililitengeneza peke yake nikalichapa kwa ukubwa uleule. Wifi nilimpa moja akakaa nalo jikoni. Mume wangu nilimpa la pili sebuleni, mlango umefungwa. Kila mmoja alipata kipande cha karatasi laini ya patroni, inayoonyesha kilicho chini yake, kutoka kwenye mkoba wa wifi, na penseli. Maagizo yalikuwa mafupi: weka alama kwenye nyota tano zilizozungushiwa duara, kisha chora ukingo wa chochote chekundu unachokiona, na usipoona kitu usichore.

“Nikikosea je?” aliuliza mume wangu.

“Huwezi kukosea. Unachora unachokiona.”

“Shuleni walisema hivyohivyo,” alisema, akafunga mlango.

Nilingoja kwenye varanda kwa dakika ishirini na tano. Nilihesabu vibanio kwenye kamba, mara mbili. Kama michoro miwili isingelingana, ningempigia mkutubi simu siku hiyohiyo.

Wifi alimaliza kwanza. Mume wangu alifuata, amejipaka penseli mpaka puani. Nilibandika karatasi ya kwanza kwenye kioo cha dirisha, nikalaza ya pili juu yake, nikalinganisha nyota tano. Jua lilipita katika zote mbili. Mistari ilishuka pamoja, ikapinda mahali pamoja, na palipoachana sana paliachana kwa milimita nne. Mume wangu alikuwa na kidoa kimoja cha ziada karibu na ukingo, ambacho wifi hakuwa nacho. Hicho nilikiacha. Mkia nikausaini.

“Ni mwembamba kuliko mwenyewe,” alisema wifi. “Sasa huo ni mkia.” Akamshika mdogo wake mkono, wakazunguka sebule nzima, na meza ya saa ikapona kwa bahati.

Jumamosi saa nne na nusu mchapaji alitukabidhi picha, upana wa mita moja na nusu. Saa tano na dakika arobaini na sita ilikuwa ukutani. Mkutubi alitaka maelezo ya kubandika chini yake, nikamwandikia: idadi ya picha, idadi ya usiku, aina ya lenzi, na kitambaa cheupe kwa hisani ya fundi cherehani.

“Na mimi?” aliuliza mume wangu.

“Umo. Mstari wa mwisho.”

Alisoma: *Makosa yaliyogunduliwa na kusahihishwa: moja.* Aliomba asimame karibu na mstari huo apigwe picha, na wifi alimpiga.

Saa sita kamili mkusanya stempu aliingia na albamu tatu kwapani. Alisimama mbele ya picha dakika nne. Kisha alimuuliza mkutubi kama pale chini, mkia unapoishia, pangetosha meza ndogo. Mkutubi alimletea meza.